Eti picha zimeshikwa na virusi?

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni kwenye kazi ya kuchapisha na fotokopi hapa Arua, Uganda, kijana mmoja aliniletea flashi yenye picha za harusi ya dada yake, alitaka nimtolee ishirini. Nikachomeka. Antivairasi ikaanza kupiga kelele, nyekundu kila mahali, na folda zote zimegeuka zile shotikati (njia za mkato za kufungulia kitu kingine) zenye kamshale kadogo pembeni. Nikamwambia kwa sauti ya daktari kabisa, "Kaka, picha zako zote zimeshikwa na virusi, hapa dawa ni moja tu, kufomati." Akauliza, kwani haziwezi kupona? Nikasema picha ikishashikwa ndiyo basi. Akakubali, maskini, nikafomati, yaani nikaifuta flashi yote.

Picha zilikuwa nzima. Zote. Zilikuwa zimefichwa tu mlemle ndani ya flashi, na aliyezifuta ni mimi, virusi hawakugusa hata moja. Na la kuniumiza zaidi, baadaye nikajua kwamba hata baada ya ile fomati ya haraka picha zilikuwa bado zimo, maana fomati ya haraka inafuta ile orodha ya majina tu, programu ya kurudisha mafaili ingezitoa kama flashi haijaandikwa kitu kingine juu yake. Yule kijana alishaondoka na flashi yake tupu, labda akajaza miziki siku hiyohiyo.

Kwa hiyo hii mada naijua kwa aibu. Na swali lenyewe naulizwa kila wiki hapa kaunta, na walimu, na wafanyabiashara wa kwenda mpakani Vurra na kurudi, na wanafunzi: picha inaweza kushika virusi? Wimbo je? Barua ya Word? Wengine wanasema haiwezekani kabisa, data ni data. Wengine hata picha ya WhatsApp wanaogopa kuifungua. Wote wawili wana kipande cha ukweli, na ndiyo maana watu hawaelewani.

Tuanze na barua ya Uria. Wanaosoma Biblia wanaijua, mfalme Daudi alimpa askari wake Uria barua aipeleke mwenyewe kwa Yoabu, mkuu wa jeshi, na ndani imeandikwa muwekeni huyu mbele kabisa vita vinapowaka, halafu mumwache afe. Uria aliibeba hiyo karatasi njia nzima, labda alilala nayo chini ya kichwa, na haikumfanya kitu. Angeweza kuibeba mwaka. Karatasi ilianza kuua pale tu ilipofika kwa mtu anayejua kuisoma na ambaye kazi yake ni kutii. Sasa kaa na hiyo akilini, maana faili lolote kwenye kompyuta ni barua ya namna hiyo. Faili halifanyi kitu. Limelala. Anayefanya ni programu inayolisoma, na swali la maana ni huyu msomaji yuko tayari kutii kiasi gani.

Programu ya kuonyesha picha, ikisoma namba inasema hapa rangi ya kijani, hapa nyekundu, basi. Hata ukiandika ndani yake "futa kila kitu" yenyewe itajaribu kuyachora hayo maneno kama rangi. Nilijaribu mwenyewe siku moja hakuna wateja: nikachukua programu ya kikokotoo, ile ya kuhesabia, nikabadilisha mwisho wa jina kutoka exe, wa programu, kuwa jpg, wa picha, nikaikliki. Ikafunguka programu ya picha ikaniambia haiwezi kufungua hili faili. Haikuhesabu kitu, haikuwaka. Ni programu ileile, haijapungua hata herufi moja, lakini imepelekwa kwa msomaji asiyetii.

Na kinyume chake kipo pia, na hiki ndicho kilichonifungua macho zaidi. Watu wa antivairasi wana faili la kupimia linaitwa EICAR, si virusi, ni la kujaribu tu kama antivairasi yako iko macho. Lina herufi 68, zote za kawaida, unaweza kuzichapa kwa kibodi ukiwa na subira. Ukiliweka jina la txt na kulifungua kwa Notepad unaona mstari mmoja wa maneno ya ovyo ovyo. Ukilipa jina la com na kuliendesha kwenye DOS, ule mfumo wa kompyuta za zamani, linakuwa programu kamili na linaandika ujumbe wake kwenye skrini. Herufi zilezile 68! Sasa niambie, hiyo ni data au ni programu? Ndani ya memori hakuna ukuta uliojengwa toka mwanzo kati ya hivi viwili, vyote ni namba, na namba inakuwa amri siku inapopelekwa mahali ambapo amri zinasomwa.

Ukishaelewa hapo, mengine yote ni kumtazama msomaji.

Chukua Word, ambayo ndiyo mkate wangu. Zamani watu walisema kwa uhakika kabisa, barua ni barua, haiwezi kuwa na virusi. Na walikuwa na sababu ya kusema hivyo, mwaka 1994 ilizunguka barua pepe ya uwongo iitwayo Good Times, ikitisha watu eti ukisoma tu ujumbe wenye kichwa hicho kompyuta imekwisha, na wataalamu wakachoka kueleza kwamba kusoma maandishi hakuwezi kukudhuru. Mwaka uliofuata tu, 1995, kikatoka kirusi kinaitwa Concept ambacho kinakaa ndani ya barua ya Word. Kilichobadilika si barua. Kilichobadilika ni kwamba Microsoft ilikuwa imeiwekea Word lugha yake ya amri, makro, ili mhasibu aweze kuandika kazi ndogo ndogo zijifanye zenyewe. Yoabu alikuwa ameshaingia ndani ya nyumba! Ukifungua barua yenye Concept, makro zinajinakili kwenye ile barua mama ambayo Word inaitumia kuanzishia barua zote, na toka hapo kila barua unayoihifadhi kwa Save As inaondoka nazo. Hiyo sasa ni virusi kwa maana yake kamili, inaishi kwenye faili la data na inaambukiza mafaili mengine ya data. Machi 1999 ikaja Melissa, hiyo ilikuwa ikifunguliwa inajituma yenyewe kwa watu 50 wa kwanza kwenye orodha yako ya anwani.

Kuanzia Office 2007 Microsoft wakatenganisha majina: docx haiwezi kubeba makro, docm ndiyo inabeba, na Excel hivyohivyo, xlsx na xlsm. Kwa hiyo mteja akiniletea docx kichwa changu kinatulia kiasi. Lakini zile doc za zamani, zisizo na x, zinaweza kubeba, na hapa kwetu bado zimejaa, maana kuna ofisi zinaandika mitihani juu ya faili lilelile la miaka kumi na tano iliyopita, wanabadilisha tarehe tu.

Halafu kuna kitu ambacho watu wa flashi tunapaswa kukijua na sioni kikisemwa sana. Mwaka 2022 Microsoft walianza kuzuia makro zote za mafaili yaliyotoka intaneti, hata ukitaka kuziwasha hiyo njia rahisi ya kubonyeza kitufe kimoja haipo. Nzuri sana. Ila Word inajuaje faili limetoka intaneti? Windows inalibandika alama ya siri wakati linashushwa, na hiyo alama inakaa kwenye diski za mfumo wa NTFS peke yake. Flashi zetu nyingi ni FAT32 au exFAT, hazina mahali pa kuibeba. Kwa hiyo mtu akishusha faili kwenye kompyuta yake, akalikopi kwenye flashi, akaja nalo kwangu, alama imebaki njiani, Word yangu inaliona kama mtoto wa nyumbani. Ule ulinzi walioutengeneza unafika mpaka mlango wa flashi unaishia hapo.

PDF sitaisema sana, nayo ni hivyohivyo, watu wanaifikiria kama karatasi lakini ndani inaruhusiwa kuwa na JavaScript, ambayo ni lugha ya amri, na vitu vingine vinavyofanya kazi, ndiyo maana kwa miaka mingi Adobe Reader ya zamani ilikuwa mlango mpana. Apudeti.

Sasa picha. Hapa ndipo palipo patamu.

Picha haina lugha ya amri. JPEG, ndiyo hiyo jpg, ni rangi na vipimo. Mwaka 2002 kulikuwa na kelele kubwa kuhusu kirusi kinaitwa Perrun, magazeti yakasema virusi vya picha vimefika. Ukiangalia kilivyofanya kazi unacheka. Kilijibandika mwishoni mwa faili la JPEG kweli, lakini ili kitoke ilibidi kompyuta iwe tayari ina programu nyingine ya kukichomoa, na hiyo programu ndiyo virusi hasa. Picha ikienda kwenye kompyuta safi inafunguka kama picha, basi. Ni mzigo umefungwa ndani ya gunia la mihogo, bila mtu wa kuufungua ni uzito tu.

Lakini miaka miwili baadaye, Septemba 2004, Microsoft wakatoa kiraka, yaani marekebisho ya programu, cha kuziba tundu (kosa la programu) ambalo kweli picha ya JPEG ingeweza kulitumia kuendesha programu kwenye kompyuta yako kwa kuiangalia tu. Inawezekanaje kama picha haina amri? Nitaeleza polepole maana hesabu yake ni ya darasa la tatu.

Ndani ya JPEG kuna sehemu ya kuandika maoni, mfano jina la kamera au neno lolote. Mwanzo wa hiyo sehemu kuna namba inayosema urefu wake, na kanuni inasema urefu ujihesabu na wenyewe, yaani ile namba yenyewe inachukua baiti mbili (baiti ni kipande kidogo cha data, kama herufi moja), kwa hiyo hata kama hakuna maoni yoyote urefu ni 2. Hauwezi kuwa chini ya hapo. Programu inasoma urefu, inatoa 2, inapata maoni yana baiti ngapi, inayakopi. Sasa mtu mkorofi anaandika urefu ni 0. Programu inafanya 0 kutoa 2. Wewe na mimi tunapata hasi mbili, tunasema hii picha ni mbovu, tunaitupa. Lakini aliyeandika ile programu alitumia aina ya namba isiyojua hasi, na ukitoa 2 kutoka 0 kwenye namba za namna hiyo zinazunguka nyuma kama saa ya ukutani, unapata 4,294,967,294. Basi programu kwa utii wake wote inaanza kukopi maoni yenye zaidi ya baiti bilioni nne kwenye kajisehemu kadogo ka memori, yanafurika, yanaandika juu ya vitu vya jirani, na miongoni mwa vitu vya jirani kuna namba zinazoielekeza programu yenyewe iende wapi baadaye. Mkorofi ameshapanga namba zake vizuri ili zitakazoangukia pale zimpeleke msomaji kwenye amri zake. Ile iliyokuwa rangi ikawa amri.

Kwa hiyo picha haikuwa na virusi kwa namna ya barua ya Word. Ilikuwa na uwongo mmoja tu uliotungwa kwa ajili ya msomaji mmoja mwenye kosa moja. Mpe picha hiyohiyo msomaji mwingine, au msomaji yuleyule aliyetiwa kiraka, atasema picha mbovu. Hii ndiyo tofauti ambayo watu wengi inawapita: makro ni mlango uliowekwa makusudi, unafunguka kwa kila mtu, na tundu ni ufa kwenye ukuta wa nyumba moja. Ndiyo maana picha zenye ubaya ni adimu na za Word zimejaa, kutengeneza hiyo ya picha ni kazi, na ukuta ukizibwa kazi yako imeisha. Mwaka huohuo 2004 Windows XP SP2 ilikuja na kinga ya kusema sehemu hizi za memori ni za data, hakuna kuziendesha kama amri, yaani ule ukuta niliosema haupo toka mwanzo wakaanza kuujenga baadaye.

Kuna moja mimi kama mtu wa printa ilinichekesha na kuniudhi. Mwisho wa 2005 liligunduliwa tatizo kwenye picha za WMF, za Windows za zamani. WMF si rangi zilizopangwa, ni orodha ya maelekezo, chora mstari hapa, jaza rangi pale, na kati ya maelekezo yaliyoruhusiwa kulikuwa na moja la kusema "uchapishaji ukikatizwa, endesha hiki". Yaani waliacha kwa hiari yao nafasi ya picha kubeba amri za kweli, kwa ajili ya printa, enzi ambazo hakuna aliyefikiria picha itatoka kwa mtu usiyemjua! Kiraka kilitoka tarehe 5 Januari 2006, na kabla ya hapo watu walishaumizwa kwa kutembelea tovuti tu.

Simu nazo hazijapona. Mwaka 2015 Android ilipatikana na tundu kwenye sehemu ya kusoma video, lililopewa jina la Stagefright, na ubaya wake ni kwamba video ikitumwa kwa MMS simu inaweza kuisoma yenyewe ili ikutayarishie, hata hujaigusa. Septemba 2023 ikawa zamu ya picha za WebP, tundu lilikuwa kwenye kipande cha programu kinachotumiwa na wengi kwa pamoja, kwa hiyo Chrome, Firefox na wengine wakakimbizana kuapudeti. Zile stika mnazotumiana WhatsApp ni WebP pia. Usianze kuogopa stika sasa, apudeti simu uendelee kucheka.

Kwa mtu wa kawaida wa hapa mjini lakini, hatari kubwa si hizo hesabu. Ni jina. Windows toka zamani ina tabia ya kuficha mwisho wa jina la faili, kwa hiyo picha.jpg.exe wewe unaona picha.jpg. Mei 2000 virusi iitwayo ILOVEYOU ilizunguka dunia kwa ujanja huohuo, barua ya mapenzi inayoonekana kama TXT kumbe mwishoni ni vbs, ambayo ni faili la amri. Na angalia ilichofanya ikishaingia: picha za JPEG iliziandika juu kwa nakala yake na kuziongezea vbs kwenye jina, lakini MP3 ilizificha tu, ikaweka pembeni faili lake lenye jina la wimbo. Mtu anakliki wimbo anaendesha virusi, na wimbo wake mzima umejificha hapohapo. Picha zile zilikufa kweli, nyimbo zilikuwa salama.

Huo ujanja wa MP3 ndio uleule wa shotikati za flashi ulionitia aibu. Zamani flashi zilikuwa zinajiendesha zenyewe zikichomekwa, mpaka Februari 2011 Microsoft walipotuma apudeti ya kuzima hiyo kitu kwenye XP na Vista. Mlango ukafungwa, sasa ikabidi mtu ashawishiwe akliki mwenyewe. Basi kinakuja kirusi, kinazificha folda zako, kinaweka shotikati zenye majina yaleyale na picha ileile ya folda ya njano. Unakliki "Mitihani P7", shotikati inaendesha faili la amri lililofichwa kwenye flashi, halafu inakufungulia folda yako ya kweli ili usishtuke. Mitihani yenyewe iko salama kabisa. Ukiikopi mitihani peke yake kwenye flashi mpya haiendi na kitu. (Kulikuwa na mbaya zaidi, virusi iitwayo Stuxnet ya 2010 ilitumia tundu ambalo Windows ikichora tu ile ikoni ya shotikati, inatosha, hakuna kukliki. Lile limeshazibwa.)

Na ransomware isituchanganye. Ile inayofunga mafaili na kudai pesa, kama WannaCry ya Mei 2017, inaharibu picha na barua lakini haiishi humo. Ukinipa faili lililofungwa na WannaCry naweza kukaa nalo kama Uria na barua yake. Limeuawa, haliui.

Siku hizi mtu akija na flashi ya shotikati sikliki kitu. Nafungua lile dirisha jeusi la amri, naangalia flashi imepewa herufi gani, tuseme F, naandika attrib -h -r -s /s /d F:\*.* nasubiri kidogo, folda zinarudi moja moja. Nafuta shotikati na yale mafaili ya vbs au js ambayo mwenyewe hayajui. Hakuna kufomati.

Juzi mwalimu mmoja alikaa hapa mbele yangu, mitihani yake yote imepotea na kesho yake ni mtihani. Nikafanya hivyo, zikarudi, akashika kichwa. "Umewaua hao virusi?" Nikamwambia, hapana mwalimu, hapa nimefunua pazia tu, walioko ni kwenye ile kompyuta ulikoandikia, ukichomeka tena kule zitafichwa tena. Akasema sawa, nimekuelewa kabisa, akalipa, akachukua karatasi zake. Baada ya saa moja karudi na flashi ileile, amekumbuka jibu la swali la nne lina kosa, alikwenda kulirekebisha kulekule.